Dakika Mbili za Nyirabagenzi

Jumatatu, 19 Februari

Leo nimefungua ofisi. Ni chumba kimoja juu ya duka la dawa hapa Kamembe, na dirisha lake linatazama barabara ya uwanja wa ndege. Sultani, mume wangu, ni seremala; amenitengenezea meza na viti viwili vinavyotazamana. Mlangoni nimebandika: ZUHURA UWAMWEZI, KOCHA WA UONGOZI. Nimekaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mtu mmoja tu alipanda ngazi. Alikuwa anatafuta daktari wa meno.

Jumanne, 20 Februari

Hakuna mtu. Mvua saa nane.

Alhamisi, 22 Februari

Hakuna mtu, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika jinsi nilivyofika hapa.

Nimefundisha miaka kumi na saba kule Gihundwe, mitano ya mwisho nikiwa mkuu wa masomo. Jumamosi zote za miaka miwili nilisomea ukocha kwa simu, nimejifungia chumbani, mtandao ukikatika namwomba mwalimu wa Kigali arudie. Nilichokuwa nakisoma nilikuwa nimeshakiona kwa macho: shule nzima inaweza kuharibika kwa sababu mkuu mmoja hajui kuendesha kikao. Nikajiambia, hii ndiyo kazi yangu. Desemba nikaandika barua ya kuacha. Nina miaka arobaini na tatu. Wateja wakinikataa, sijui nani atanichukua tena.

Kayitesi, tuliyekuwa tukifundisha pamoja, nilikutana naye sokoni.

"Sasa uko kocha wa équipe gani?"

"Si mpira. Ni viongozi. Wakurugenzi, wenyeviti."

Akacheka mpaka akashika kikapu. "Na bale bakubwa banakubali kufundishwa na wewe?"

Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikalia bafuni.

Jumatano, 28 Februari

Nilikwenda Nyakarenzo kwa chama cha akina mama wakulima, somo la bure, ili wanijue. Walinisikiliza saa nzima kwa heshima. Mwishoni mmoja akauliza kama mbegu nimeziacha kwenye gari. Sikuja na gari. Nilirudi kwa pikipiki, nimelowa hadi mifupa.

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna mtu.

Jumanne, 5 Machi

Hakuna mtu. Sultani hajauliza. Natamani angeuliza.

Jumanne, 12 Machi

Mteja!

Ramadhani imeanza, nilikuwa nimeinamisha kichwa mezani kwa usingizi wa mfungo, nikasikia mtu anakung'uta matope ngazini. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kofia mkononi. Anaitwa Twagirayezu, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa mpunga kule bonde la Bugarama. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu, ndiye aliyemtuma.

"Madamu, mi niko perezida wa bantu mia mbili," alisema. "Kila reunio inakamata masaa tano. Kila muntu anasema. Nikifika ku nyumba, bibi yangu ananiuliza: mumekata shauri gani? Siko na jibu."

"Wewe unataka nini?"

Aliizungusha kofia. "Nataka banisikie."

Nikaandika kwenye daftari: anataka kusikiwa. Nilipiga mstari chini yake mara mbili. Tumekubaliana miezi mitatu. Alipoondoka nilifunga mlango, nikasujudu pale pale kwenye saruji.

Jumanne, 19 Machi

Nimeshuka Bugarama kuangalia kikao chao. Joto la kule si la Kamembe. Na kwa mfungo, niliona nyota. Wanakutana kwenye banda la kuanikia mpunga, wanawake wamekaa kwenye magunia, wanaume wameegemea nguzo. Alichoniambia ni kweli. Masaa matano kamili, na hakuna kilichoamuliwa ila siku ya kikao kingine.

Lakini nimeona kitu ambacho hakuniambia. Kuna mama mmoja, Nyirabagenzi, mjane wa miaka sabini hivi, ambaye mashamba yake yako karibu na lango la chini, pale maji ya mfereji yanapopita kwenye ukingo wa udongo kurudi mtoni. Alisimama mara nne. Kila aliposimama, banda zima lilinyamaza. Alizungumza juu ya mvua za zamani, juu ya mchwa, juu ya Ntabaza, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye alimlea na ambaye sasa ndiye mlinzi wa lango hilo. Maneno yanazunguka, hayafiki. Na Twagirayezu, kabla ya kufunga hoja yoyote, anamtazama yeye kwanza.

Nimeandika: Tatizo limepatikana. Mwenyekiti halisi ni huyu mama.

Jumanne, 26 Machi

Kikao cha kwanza kwa utaratibu wangu. Kila msemaji dakika mbili. Hoja isiyo kwenye orodha iletwe kwa maandishi siku tatu kabla. Mwenyekiti anasikiliza, anaamua, haombi ruhusa. Muhtasari uwe ukurasa mmoja. Huu wa kwanza nimewaandikia mwenyewe kama mfano. Nilikaa pembeni nikiwa na simu inayohesabu dakika na kengele ndogo niliyonunua kwa ajili hiyo.

Wamemaliza kwa dakika hamsini na tano. Walipiga makofi wenyewe, hawakuamini. Twagirayezu alinisindikiza hadi barabarani, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Maman Kocha, leo njo nimekuwa perezida."

Nyirabagenzi hakusema neno leo. Nadhani ameelewa.

Jumatatu, 1 Aprili

Wenyeviti wawili wengine wamenipigia simu. Wawili!

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Ni wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari, kwa hiyo hakukuwa na shamrashamra. Tuliswali, tukapeleka pilau kwa majirani, tukakaa kimya kimya. Lakini moyo wangu hautulii. Jana shirika moja kutoka Kigali lilinipigia. Wamesikia habari za ule ushirika. Wanataka kuja kukiona kikao kwa macho yao, na wakiridhika, nitawafundisha wenyeviti wa vyama vya wakulima wilaya nzima, mwaka mzima.

Nilimwambia Sultani karakanani kwake. Alifurahi, nilimwona. Kisha akauliza, "Na ule maman mukubwa uliyeniambia, sasa anasemaka nini?"

"Ana dakika mbili kama wengine."

Akarudi kwenye randa yake. Nilikasirika kidogo. Sikujua kwa nini.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua siku ya nne. Siwezi kulala kwa kukifikiria kikao cha Jumanne.

Jumanne, 23 Aprili

Kimekwenda vizuri. Nitaandika kama kilivyokuwa.

Wageni wa shirika walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamekaa mbele na madaftari. Hoja nne. Twagirayezu alisimama wima. Tulipofika kwenye mbolea, Nyirabagenzi akanyoosha mkono. Nikabonyeza simu.

Alianza kama anavyoanza. Akawasalimu wageni. Akawashukuru kwa safari. Akataja mwaka ambao mumewe alikuwa bado hai. Nilitazama sekunde zinavyokwenda na nilijua hatafika. Akasema, "Sasa ule mukingo wa kule chini, ku lango..." na nikapiga kengele.

Hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Mwanangu, siyamalize kusema."

Twagirayezu alisema sentensi niliyomfundisha: "Mama, ile hoja haiko ku liste. Uandike, utuletee."

Watu wakacheka. Wote wanajua kwamba hajui kuandika. Mimi pia nilikuwa najua. Akakaa juu ya gunia lake, akavuta kitenge mabegani.

Kwenye muhtasari, ambao kwa ajili ya wageni niliuandika tena mwenyewe, chini kabisa niliweka: Hakuna hoja nyingine.

Wageni walinipa mkono kwa nguvu. Njiani nilijisikia vibaya kwa muda, kisha simu ikaita, wakasema wameridhika, na nikasahau.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Barabara ya Bugarama imekatika mahali pamoja. Mkataba wangu unaandaliwa Kigali.

Ijumaa, 3 Mei

Saa moja asubuhi Twagirayezu alipiga simu, na sikumwelewa kwa sababu alikuwa anapiga kelele. Nyuma yake nilisikia wanawake wanapiga mayowe. Nilichoambulia ni hiki tu: "Imeenda. Yote imeenda."

Nilishuka kwa pikipiki, kisha kwa miguu pale barabara ilipokatika. Kutoka mteremkoni niliona bonde, na nilidhani nimekosea njia, kwa sababu nilikuwa natazama ziwa. Mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke haukuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya matofali, na juu yake vitu vinaelea: magunia, mlango, mbuzi. Watu walikuwa wamesimama kwenye barabara ya juu, hawafanyi kitu. Hakuna aliyekuwa analia. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Twagirayezu alikuwa amekaa chini kwenye matope. Alinieleza vipande vipande. Maji yalikuwa yamepanda tangu alfajiri. Kulipopambazuka akampigia Ntabaza simu, akamwambia akimbie akafungue lango la chini ili maji yapate njia. Ntabaza akapita juu ya ukingo, kama siku zote. Alipofika katikati, ukingo ukadidimia chini yake. Haukubomoka kwa kusukumwa na maji, alisema; ulizama tu, kama mkate uliolowa. Ntabaza akaenda nao, na bonde lote likafuata.

"Amepatikana?"

Akatikisa kichwa.

"Kwa nini ukingo ulizama?"

Mwanamke aliyesimama karibu ndiye aliyejibu, kijana mwenye mtoto mgongoni. Baadaye nilijua anaitwa Uwimbabazi.

"Bantu walichimba pale udongo ya matofali, kwa upande ya nje. Ndani ilikuwa mutupu. Maman Nyirabagenzi alikuwa anajua. Analima pale. Alitaka kutuambia muntu asipite juu, na lango ifunguliwe mapema mbele ya mvula kubwa." Akamweka sawa mtoto mgongoni. "Mulimupigia kengele."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja ni saa ngapi.

Nilimtafuta Nyirabagenzi kwa macho. Alikuwa peke yake mbele ya wote, pale lami inapoingia majini, maji yakimfika vifundoni. Sikumsogelea. Nimeandika hapa nijue baadaye: nilikuwa hatua thelathini kutoka kwake na sikumsogelea.

Jumapili, 5 Mei

Ntabaza amepatikana, mbali, chini ya daraja. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke na watoto wawili. Wamemzika jioni. Nilisimama nyuma, nje ya ua.

Jumatatu, 6 Mei

Sikwenda ofisini.

Jumanne, 7 Mei

Sikwenda.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua imepungua, sasa ambapo haina cha kubeba tena. Nimewaza kila njia ya kujitetea. Mvua ni ya Mungu. Udongo sikuuchimba mimi. Nyirabagenzi angeweza kumwambia mwenyekiti nyumbani kwake, angeweza kumtuma mtu aandike. Yote ni kweli. Nayarudia, na bado nasikia kengele.

Kwa nini hakumwambia Ntabaza mwenyewe? Nilimuuliza Uwimbabazi kwa simu. Akasema alimwambia. Ntabaza akamjibu kwamba amri ya lango na ukingo inatoka kwenye kikao, bila kikao hawezi kufungua, na njia ya kufika langoni ni hiyo tu.

Jumanne, 14 Mei

Twagirayezu amekuja ofisini. Amekonda. Alikaa kwenye kiti kile kile.

"Tume ya wilaya iko inauliza," alisema. "Banataka muhtasari za reunio zote. Banataka kujua kama kuko muntu alisema juu ya mukingo."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Bado." Alikuwa anatazama sakafu. "Muhtasari inasema hakuna hoja ingine. Wewe njo uliandika, Madamu. Kama tunaiacha vile iko, ni mvula tu. Hakuna muntu atauliza."

Nilitaka kumwambia ndiyo. Kwa sababu saa moja kabla, shirika la Kigali lilikuwa limenipigia: wanatoa pole kwa msiba, mkataba uko tayari, wiki ijayo nisaini, na niwatumie ule muhtasari wa tarehe ishirini na tatu, wautumie kama mfano wa kufundishia.

Nilimwambia nitafikiri.

Alhamisi, 16 Mei

Sili. Nikisema ukweli, hakuna kocha tena. Nani atamleta mwenyekiti wake kwangu? Nikinyamaza, nitakuwa kocha mwaka mzima, wilaya nzima, nikiwafundisha watu kwa karatasi ile.

Sultani aliweka chai mbele yangu, akakaa.

"Ulipiga ile kengele?"

"Nilipiga."

"Basi useme ulipiga."

Nikampigia kelele, Mungu anisamehe. Nikamwambia yeye ni fundi wa mbao, hajui maana ya kuanza upya ukiwa na miaka arobaini na tatu. Aliniacha nimalize. Kisha akachukua chai iliyopoa, akaniletea nyingine.

Jumanne, 21 Mei

Mkutano mkuu. Banda limebeba alama ya maji, juu ya usawa wa kifua changu. Watu mia mbili na mtu wa wilaya mwenye faili. Alisoma muhtasari kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho. Akauliza kama kuna wa kuongeza.

Nikasimama. Nilisema: "Mstari wa mwisho niliuandika mimi na si kweli. Hoja ilikuwepo. Mama Nyirabagenzi alianza kusema juu ya ukingo wa chini. Nilimkatiza kwa kengele. Nilijua hajui kuandika, na niliacha aambiwe akaandike."

Kelele zikaanza. Mtu akaita jina la Ntabaza. Mwanamume mmoja alikuja hadi mbele yangu, uso kwa uso, na nadhani angenipiga.

Ndipo Twagirayezu akasimama. Miezi miwili nimemfundisha mtu huyu asimame vipi, na sikuwahi kumwona amesimama hivyo, mabega yameanguka, mikono wazi.

"Mumuache," alisema. "Perezida si yeye. Mi njo nilikuwa perezida. Yeye alipiga kengele, lakini mi njo nilimukalisha mama. Na mi njo nilimutuma Ntabaza pale juu." Akavua kofia, akaiweka mezani, akaenda kukaa kwenye magunia pamoja na wengine.

Mwezi wa Machi, katika daftari hili, nilimwandika kama mtu dhaifu. Angeweza kunitupia mimi yote, na wangempokea. Mtu huyu alipokuwa anamtazama yule mama kabla ya kuamua, hakuwa anaogopa. Alikuwa anajua nani anayeyajua maji.

Mtu wa wilaya akamwuliza Nyirabagenzi kama ana la kusema. Hakusimama.

"Nilikuwa nimebakiza maneno kidogo tu," alisema. "Nilikuwa nimeyapanga mu njia. Nilianza na salamu kwa sababu kulikuwa bageni. Sasa yatanisaidia nini?"

Wakaniambia nitoke. Nikatoka. Hakuna aliyenisindikiza.

Ijumaa, 24 Mei

Shirika limeandika. Barua fupi, ya adabu. Wale wenyeviti wawili hawapokei simu.

Ijumaa, 31 Mei

Nimerudisha ufunguo wa chumba. Sultani na mimi tulibeba meza wenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Shule moja ya Gihundwe imenichukua kwa muda, kushika nafasi ya mwalimu aliyejifungua. Darasa la kwanza, Kiswahili. Wanafunzi sitini na wawili. Sikulia bafuni wala popote.

Alhamisi, 6 Juni

Uwimbabazi amekuja nyumbani. Wamemchagua awe mwenyekiti. Ana miaka ishirini na tisa, na alikuja na mtoto mgongoni vile vile.

"Sitaki kocha," alisema kabla hajaketi.

"Nami si kocha tena."

"Kwetu bantu makumi ine hawajui kusoma wala kuandika. Nataka ubafundishe. Samedi, ku hangari, mule tunaanikaka mpunga. Hatuna cha kukulipa."

Nikamwambia hawatanitaka.

"Bengine hawatakutaka," alisema. "Utafundisha bale batakuja."

Jumamosi, 8 Juni

Kiangazi kimeingia. Wamekuja kumi na mmoja. Twagirayezu ndiye aliyenishikia ubao, ingawa anajua kusoma. Nyirabagenzi hakuja. Niliambiwa yuko shambani, anatoa mchanga kwa jembe, peke yake.

Jumamosi, 15 Juni

Wamekuja tisa. Mwanamke mmoja aliniuliza mbele ya wote kama nalala. Nikasema kidogo. Akasema, "Sawa," akaendelea kuandika jina lake.

Jumamosi, 22 Juni

Tulikuwa kwenye herufi ya N. Kivuli kikaingia mlangoni, nikageuka. Nyirabagenzi, miguu ina matope makavu hadi magotini.

"Sikuje kusoma," alisema.

"Karibu, Mama."

"Nimekuja kuona kama sasa unasikiaka."

Hakuna aliyesogea. Alipita katikati yao, akakaa kwenye gunia la mbele kabisa, akatandaza kitenge magotini, akaanza. Hakusema juu ya maji. Alituambia jinsi Ntabaza alivyoletwa kwake akiwa na miaka mitatu, jinsi alivyokataa kula mpaka apewe kijiko chake mwenyewe, jinsi alivyokuwa anaogopa kuku. Mtu mmoja akacheka, kisha akafunika mdomo, na yeye akasema, "Cheka, alikuwa anachekesha kweli."

Niliweka chaki chini, nikakaa sakafuni.

Alisema mpaka jua likahama upande wa pili wa banda. Alipochoka alinyamaza, tukasubiri, na alipopata nguvu akaendelea.